Kubana video ili ichezwe kwenye kila kifaa: mwongozo kwa wapiga video wa Dodoma

Harusi iliyopigwa Area D Jumamosi, wiki inayofuata inatakiwa ionekane kwenye simu ya shangazi aliyeko Kondoa, kwenye tivii ya baba mkwe huko Mpwapwa, kwenye laptopu ya mdogo wa bwana harusi anayesoma UDOM, na kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Faili la kamera haliwezi kuzunguka kote huko likiwa kama lilivyo. Ni zito, na mara nyingi limeandikwa kwa namna ambayo baadhi ya vifaa hivyo haviielewi. Kwa hiyo unapobana video una kazi mbili: kupunguza uzito, na kuhakikisha faili linafunguka. Mimi naona hiyo ya pili ndiyo kubwa. Faili likizidi uzito kidogo mteja atavumilia, lakini likikataa kufunguka mbele ya wageni waliokwisha kukaa sebuleni, hakuna maelezo yatakayomridhisha.

Kanuni ya mwongozo huu ni moja: tafuta kifaa dhaifu kuliko vyote kati ya vitakavyotumika, kisha bana kwa ajili yake. Kinachochezwa na tivii ya zamani kwa kawaida kitachezwa na simu ya mwaka huu. Kinyume chake hakina uhakika.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujagusa kompyuta

Muulize mteja mambo matatu. Video itaangaliwa wapi zaidi, simu au tivii? Tivii ni ya lini? Itasafiri kwa flashi au kwa intaneti? Watu wengi hawajui jina la muundo wa faili na hawana sababu ya kulijua, ila kila mtu anajua tivii yake ilinunuliwa lini.

Mama mmoja wa Kongwa alikuja na flashi aliyotengenezewa kwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ni sendofu ya binti yangu. Kwenye simu ya mdogo wake inaonekana vizuri, kwenye tivii inatoa sauti tu, picha hakuna. Flashi imeharibika?"

"Haijaharibika mama. Tivii yenu ni ya siku nyingi?"

"Aliinunua baba yao kabla hajastaafu."

Tulilifungua faili kwa MediaInfo, programu ndogo ya bure inayoonyesha kilichomo ndani ya video bila kuicheza. Jina liliishia na .mp4, kwa hiyo kwa nje lilikuwa faili la kawaida kabisa. Ndani, picha ilikuwa imebanwa kwa HEVC, njia mpya ya kubana picha, ya biti 10 (viwango vingi vya rangi kuliko biti 8 ya kawaida), na sauti kwa AAC, njia ya kawaida ya kubana sauti. Tivii ilielewa AAC, ndiyo maana sauti ilitoka, HEVC haikuielewa. Tulilibana upya kwa H.264, njia ya zamani zaidi, ya biti 8, picha ikatokea.

Weka MediaInfo kwenye kompyuta yako leo hii. Ukiletewa lalamiko lolote la "haifunguki", anzia hapo kabla hujabadilisha chochote.

Hatua ya 2: Tenganisha kasha na kodeki

MP4, MKV, AVI na MOV ni makasha. Kasha hubeba picha, sauti na maelezo ya jinsi viwili hivyo vinavyokwenda pamoja. Kodeki ndiyo njia iliyotumika kuibana picha yenyewe au sauti yenyewe. Mafaili mawili ya MP4 yanaweza kuwa na kodeki tofauti kabisa, moja likachezwa kila mahali na jingine likakwama, kama lile la mama wa Kongwa.

Kwa picha, kodeki utakazokutana nazo ni hizi chache. H.264, ambayo pia huitwa AVC, ilitoka mwaka 2003, na karibu kila simu, tivii na kompyuta unayoweza kuishika leo inaicheza kwa chipu yake bila kuhangaika. H.265, yaani HEVC, ilikuja mwaka 2013. Inabana zaidi kwa ubora uleule, lakini tivii nyingi za HD zilizotengenezwa kabla ya enzi ya 4K haziijui, na kompyuta nyingi za Windows hudai programu ya nyongeza kabla ya kuifungua kwa kichezeshi chake cha kawaida. VP9 ni ya Google na utaikuta sana YouTube. AV1 ilitoka mwaka 2018 chini ya muungano wa kampuni kubwa za teknolojia waliotaka kodeki isiyolipiwa ada. Inabana vizuri sana, ila inahitaji vifaa vipya na inachukua muda mrefu kutengeneza kwenye kompyuta ya kawaida.

Kwa kazi ya mteja, jibu langu ni MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC. Sisemi hivyo kwa sababu ndiyo ya kisasa zaidi. Nasema hivyo kwa sababu ukimpa mtu faili hilo, hutapigiwa simu. HEVC itumie kwenye hifadhi yako mwenyewe, au pale unapokuwa na hakika kwamba wapokeaji wote wana simu mpya. MKV ni kasha zuri sana, lakini iPhone hailifungui bila programu ya ziada kama VLC, na shangazi hatapakua VLC usiku wa sherehe.

Sauti nayo ina mitego yake. Kamera za Sony zinazorekodi XAVC S huweka ndani ya MP4 sauti ya PCM isiyobanwa, na kamera za AVCHD, zile za mafaili ya MTS, mara nyingi huweka AC3. Vifaa vingine huonyesha picha safi ya mafaili hayo na kukaa kimya. Ukiigeuza sauti kuwa AAC ya stereo, kilobiti 128 hadi 160 kwa sekunde, tatizo hilo huwa limekwisha. Kwaya wape 192. Sauti nne zikiimba pamoja na kinanda, sikio hutambua.

Hatua ya 3: Chagua programu

HandBrake ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Ni ya bure, ipo kwa Windows, Mac na Linux, na haikuwekei nembo yake juu ya picha ya bibi harusi. Inatoa MP4, MKV na WebM.

Shutter Encoder nayo ni ya bure, na inafanya jambo moja ambalo HandBrake haifanyi: kuhamisha picha kutoka kasha moja kwenda jingine bila kuibana upya. Kama faili lako ni MKV na ndani tayari kuna H.264, huna sababu ya kusubiri saa mbili. Unalihamishia kwenye MP4 kwa muda mfupi sana, na ubora haupungui hata kidogo.

Chini ya Shutter Encoder na programu nyingine nyingi kuna FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Haina vitufe, unaiandikia amri. Ukiwa na mafaili mengi ya mahafali yanayotaka mpangilio mmoja, hakuna inayoizidi. Amri ninayoitumia mara nyingi ni hii:

ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -crf 22 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart harusi.mp4

Sehemu ya yuv420p isiache. Ndiyo inayohakikisha picha inatoka kwa biti 8 na mpangilio wa rangi unaoeleweka na vifaa vya kawaida, hata kama kamera ilirekodi kwa biti 10. Ile ya faststart hupeleka mwanzoni mwa faili maelezo ambayo kichezeshi huyahitaji kabla ya kuanza. Kwa hiyo video iliyowekwa mtandaoni huanza kucheza kabla haijamaliza kupakuliwa. Kwenye HandBrake kazi hiyohiyo hufanywa na kisanduku kilichoandikwa "Web Optimized".

Tovuti zinazojitangaza kubana video bure ziache. Unapakia faili kwa bando lako, unalipakua tena kwa bando lako, na harusi ya watu imebaki kwenye kompyuta usiyoijua. Programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zile zinazozunguka kwa flashi mitaani, ziache pia: huja na virusi, na hizi za bure zinafanya kazi hiyo vizuri.

Hatua ya 4: Pima ubora kwa dakika ngumu kuliko zote

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Kodeki hubana kwa kulinganisha fremu moja na inayofuata na kuandika kilichobadilika tu. Mzee anayetoa nasaha akiwa amekaa, nyuma yake pazia, karibu hana kinachobadilika. Biti chache zinamtosha. Sasa chukua ngoma ya muheme uwanjani, mwezi wa tisa, vumbi la Dodoma limenyanyuka mpaka magotini. Akina mama wameshika ngoma, shanga zinaruka shingoni, njuga zinatikisika miguuni, vitenge vinapepea, na kila chembe ya vumbi inakwenda upande wake. Hakuna fremu inayofanana na iliyotangulia. Kodeki iliyopewa biti chache hapo huanza kukata: vumbi linageuka viboksi, miguu inayeyuka, shanga zinakuwa doa moja. Kile ambacho familia ilitaka kukiona ndicho kinachopotea kwanza. Yeyote aliyewahi kurekodi tamasha la muziki wa Cigogo kule Chamwino anaijua picha hiyo.

Kwa sababu hiyo usipange kiwango kimoja cha biti kwa video nzima kama huna ulazima. Tumia kipimo cha ubora, ambacho HandBrake huita RF na FFmpeg huita CRF. Unaiambia programu ubora unaoutaka, nayo inaamua yenyewe wapi imwage biti na wapi ibane. Namba ndogo ni ubora mkubwa na faili zito. Kwa video ya 1080p, yaani yenye mistari 1080 kutoka juu hadi chini, HandBrake wenyewe hupendekeza kati ya 20 na 24, kwa 720p kati ya 19 na 23. Mimi huanzia 22. Kukiwa na ngoma na vumbi nashuka hadi 20. Kwa x264, yaani programu ya ndani inayotengeneza H.264, ukishuka namba 6 faili huongezeka karibu mara mbili, kwa hiyo usishuke bila sababu.

Namna ya kupima: kwenye HandBrake, chagua mpangilio wa "Fast 1080p30", kisha kwenye sehemu ya "Range" badilisha iwe sekunde na uweke dakika moja tu, ile yenye ngoma au yenye taa za rangi ukumbini. Ibane kwa 20, 22 na 24. Yaangalie mafaili hayo matatu kwenye tivii, si kwenye kioo kidogo cha laptopu. Chukua namba kubwa kuliko zote ambayo bado huoni kasoro. Ukishaipata, dakika zilizobaki hazitakusumbua.

Ukumbi wenye giza una shida yake tofauti. Kamera ikiongeza ISO, picha hujaa chenga ndogondogo, na kodeki huzihesabu chenga hizo kuwa ni mwendo. Faili linavimba bila faida. Washa kichujio cha chenga cha HandBrake, NLMeans, kwa kiwango cha chini kabisa. Ukizidisha, nyuso zinakuwa kama plastiki.

Kuhusu kasi: ukichagua "slow" badala ya "fast" unaipa programu muda wa kutafuta njia bora ya kubana, na faili hutoka dogo zaidi kwa ubora uleule. Kadi ya NVIDIA au chipu ya Intel inaweza kufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya muda, lakini kwa uzito uleule picha yake kwa kawaida huwa pungufu kidogo kuliko ya x264 iliyopewa muda. Mteja akiwa mlangoni, tumia kadi. Kazi ikikaa usiku kucha, tumia "slow".

Hatua ya 5: Video za simu zisikusumbue sauti na rangi

Siku hizi nusu ya picha za shughuli huletwa na ndugu waliorekodi kwa simu. Simu hurekodi fremu kwa kasi inayopandashuka, mwanga ukipungua kasi inashuka. Ukiziingiza hivyo kwenye programu ya kuhariri, maneno huanza kuachana na midomo kadiri video inavyosonga. Zipitishe kwanza HandBrake ukiwa umechagua "Constant Framerate", ndipo uhariri.

iPhone zina mambo mawili zaidi. Tangu mwaka 2017 hurekodi kwa HEVC zisipoelekezwa vingine, na zile za kuanzia iPhone 12 hurekodi pia kwa HDR, yaani picha yenye upana mkubwa zaidi wa mwanga na rangi, ambayo kwenye tivii ya kawaida inaweza kuonekana imepauka. Kama unaweza kumfikia mwenye simu kabla ya shughuli, mwombe aende kwenye mipangilio ya kamera, achague "Most Compatible" na azime HDR ya video. Hilo ni rahisi kuliko kuja kurekebisha rangi baadaye.

Na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, weka shata ya kamera 1/50 ukumbini. Taa zinazopiga mistari kwenye picha hazirekebishwi na kodeki yoyote.

Hatua ya 6: Jikinge na umeme kukatika

MP4 ya kawaida huandika maelezo yake muhimu mwishoni, baada ya picha zote kukamilika. Umeme ukikatika katikati, unabaki na faili la GB kadhaa lisilofunguka. MKV haina udhaifu huo. Kilichokwisha kuandikwa kabla ya giza kinachezwa. Kwa hiyo ukirekodi ibada au kongamano moja kwa moja kwa OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi kwenye kompyuta, rekodi kwa MKV. Ikiisha, OBS yenyewe ina sehemu ya kuhamisha kwenda MP4, au tumia amri hii, ambayo haigusi ubora:

ffmpeg -i ibada.mkv -c copy ibada.mp4

Faili la kamera usilifute mpaka faili lililobanwa limechezwa mwanzo hadi mwisho. Na usibane kilichokwisha kubanwa. Mteja akitaka nakala ndogo zaidi, rudi kwenye faili la asili. Kila mzunguko wa kubana unakula picha, na iliyopotea hairudi.

Hatua ya 7: Flashi

Tivii nyingi za zamani husoma flashi iliyopangwa kwa FAT32 tu, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Flashi za GB 64 na kuendelea kwa kawaida huja na mpangilio mpya zaidi, exFAT, na tivii isiyoijua itasema hakuna kitu ndani. Nunua za GB 16 au 32, zipange kwa FAT32, na yaache mafaili yako chini ya mpaka huo.

Hesabu yake ni nyepesi: zidisha megabiti kwa sekunde mara sekunde zote za video, gawanya kwa 8, utapata MB. Megabiti 4 kwa video ya saa 2, yaani sekunde 7,200, ni MB 3,600. Inaingia. Ikiwa saa 3, kwa kiwango hichohicho ni MB 5,400, haiingii. Hapo usishushe ubora. Kata video vipande: kanisani, picha za nje, ukumbini. Watazamaji huvipenda vipande kuliko faili moja refu, maana anayetaka kuona bibi harusi akiingia ukumbini anakwenda moja kwa moja.

Majina ya mafaili yawe mafupi, yaanze na namba, bila alama za ajabu: 01-Kanisani.mp4. Itoe flashi kwenye kompyuta kwa utaratibu, usiichomoe tu. Kisha ichomeke kwenye tivii. Weka tivii moja ya zamani ofisini kwa kazi hiyo pekee. Ya mitumba inatosha.

Kuna wazee bado wana deki za DVD zenye tundu la USB. Nyingi kati ya hizo haziielewi H.264. Zinataka AVI yenye picha ya Xvid, isiyozidi 720 kwa 576, na sauti ya MP3. FFmpeg na Shutter Encoder zinaitengeneza.

Hatua ya 8: WhatsApp na YouTube

Ukituma video WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa upya huko, hata kama wewe uliibana vizuri. Ukiituma kama hati inakwenda jinsi ilivyo, mpaka GB 2. Lakini mfikirie anayepokea: bando lake na nafasi ya simu yake. Kwa kundi la kamati nawatengenezea kipande cha dakika 3, 720p, picha megabiti 1.5 na sauti kilobiti 96. Kinatoka kama MB 36, na kwenye simu kinaonekana safi.

YouTube fanya kinyume. Wao watabana upya kwa vyovyote, kwa hiyo wape faili zito na zuri. Kwa 1080p ya fremu 25 au 30 wanapendekeza megabiti 8 kwa sekunde, na 12 ikiwa ni fremu 50 au 60. Kwaya ikikuomba uwapakilie nyimbo zao, usipakie ile nakala ya WhatsApp iliyokwisha kuzunguka kwenye makundi. Toa faili jipya kutoka kwenye mradi wako, na kama bando halitoshi mchana, liache lipande usiku.